Miguu Mingi Chini ya Bawa

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikuandaa somo. Kuna jambo lililonikaba tangu Jumanne usiku, nami nitalisema kama lilivyo.

Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 14, alishikwa na malaria. Saa nane za usiku nikamsikia akiita, "Mama!" Mama yake alikuwa Kipushi matangani, kwa hiyo niliamka mimi. Nilipofika mlangoni akageukia ukuta, akasema hahitaji kitu. Nikasimama pale na kikombe cha maji mkononi. Asubuhi nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi akaniuliza mara ya mwisho alitibiwa kwa dawa gani, na kama kuna dawa inayomdhuru. Sikujua. Mtoto mwenyewe, na homa yake, ndiye aliyejibu.

Nikiwa nimeketi pale kwenye benchi nikamkumbuka ndege.

Mwezi wa pili nilikwenda Tshangalele kununua samaki. Waliopita njia ya Likasi wanalijua ziwa lile, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Bonde la Lufira liliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yanayothaminiwa duniani kote, na wakati wa mvua unaona kwa nini: maji yamepanda mpaka kwenye nyasi, yangeyange wametapakaa, mnandi wanapiga mbizi, furukombe analia juu ya mti mkavu. Mvuvi aliyekuwa akinivusha kwa mtumbwi akanionyesha ndege wa rangi ya kahawia mwenye paji la buluu, anatembea juu ya majani ya yungiyungi wala hazami. Kwa Kifaransa wanamwita jakana. Vidole vyake ni virefu sana, uzito wake unatawanyika juu ya majani. Nikajisemea, hapa pana mahubiri ya Petro juu ya maji.

Mara kivuli cha kipanga kikapita. Yule ndege akachuchumaa, akatanua mbawa kidogo, kisha akainuka na miguu mingi! Miwili yake, na mingine myembamba ikining'inia ubavuni. Makinda yalikuwa yameingia chini ya mbawa, naye akaondoka nayo. Nikasema, kweli, mama ni mama. Mvuvi akatikisa kichwa: "Huyo ni dume, papa."

Na ndivyo ilivyo. Jike hutaga mayai, mara nyingi 4, kisha huenda kwa dume mwingine. Dume ndiye anayeatamia, anayelinda, anayebeba.

Wapendwa, Zaburi ya 91 tunaijua kwa moyo. "Kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio." Tunaiomba wakati wa vita, tunaiomba barabarani. Mimi nimeiomba miaka yote nikiwa kinda tu. Sikuwahi kujiuliza nani yuko chini ya bawa langu.

Akina papa, niruhusuni niseme nanyi, maana najisema mwenyewe kwanza. Tunalipa minervali, ile karo ya shule, tunaleta gunia la unga, tunadhani kazi imekwisha. Paulo alipomwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, tumeuelewa mstari huo kama mstari wa unga. Wengine wako Kolwezi migodini, wanarudi baada ya wiki nyingi. Mungu anaona jasho lao. Lakini sisi tunaolala nyumbani? Tunatoka kazini tunapitia kwa marafiki, tunaingia watoto wamelala. Na sisi watumishi ndio wabaya zaidi: mkesha Ijumaa, kamati Jumamosi, ibada Jumapili nzima, tunawawekea mikono watoto wa watu, wetu hatujui wanaogopa nini. Papa, leo jioni rudi mapema. Keti naye. Usianze na maswali ya shule. Kaa tu, hata akinyamaza, na kesho ukae tena. Kinda haliingii chini ya bawa lisilokuwepo wakati kivuli kinapita.

Wavulana mnaotaka kuoa, nanyi mmesikia.

Jana homa ilikuwa imeshuka. Niliingia chumbani na bakuli la uji, sikuongea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasogeza miguu nipate pa kuketi. Nikamsimulia habari za yule ndege. Akauliza, "Na kama makinda yameshakuwa makubwa, yanaenea vipi?" Tukabaki tunazungumza hilo mpaka mama yake aliporudi kutoka Kipushi.