Maji Yanakwenda Wapi?

Leo ni wiki ya pili tangu gari linichemshie Kitonga, na ndiyo kwanza napata moyo wa kuandika.

Tulitoka Dar saa kumi alfajiri, mimi na mama mdogo, tukielekea Iringa kwenye arobaini ya babu. Mpaka Mikumi mambo yalikuwa shwari. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, kwa sababu mama mdogo hawezi kupita pale mikono mitupu. Jua lilikuwa la utosi. Yeye ana presha, kwa hiyo nikafunga vioo na kuwasha kiyoyozi, tukaanza kuukabili mlima.

Anayeijua Kitonga hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua: barabara ya kwenda Mbeya na Zambia inafika kwenye ukuta wa milima na kuanza kupanda kwa kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Mbele yangu kulikuwa na lori la kontena likipanda kwa gia namba moja, na nyuma yangu lingine. Kupita haiwezekani, kusimama haiwezekani. Pale injini inafanya kazi nzito kuliko safari nzima, na upepo unaoingia kwenye rejeta, inayopoza maji ya injini, ndio mdogo kuliko safari nzima.

Nilianza kusikia harufu, kama chuma chenye kutu kilichomwagiwa maji. Nikatupa jicho kwenye geji ya joto. Mshale ambao miaka yote hukaa chini kidogo ya katikati ulikuwa umeshapita katikati na unaendelea.

Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo, nikawasha hita mpaka mwisho. Nilijua kwamba hita ni kama rejeta ndogo. Inavuta joto la injini na kulimwaga ndani ya gari. Mama mdogo akaanza kujipepea na kanga bila kuuliza kitu. Mshale ukatulia. Baada ya kona ya pili hita ikaanza kutoa upepo wa baridi miguuni mwangu, nami nikamwambia, "Mama, limeanza kupoa." Halikuwa limepoa. Maji yalikuwa yameisha kiasi cha kutofika tena kwenye hita. Nimelijua hilo baadaye. Niliendesha kona moja zaidi nikiwa na matumaini ya uongo, na hiyo kona bado inaniuma.

Nilipopata sehemu pana nikaingia pembeni na kuzima. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye kingo zote za boneti.

Lori la nyuma nalo likasimama. Utingo akashuka, kijana wa miaka ishirini na kitu, akakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma ya gari kabla hata hajanisalimia. Mimi nilikuwa tayari na kitambaa mkononi, nakwenda kufungua kifuniko cha rejeta.

"Dada, usiguse hicho kifuniko."

Akakunja shati. Kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko ngozi yake ilikuwa laini na yenye kung'aa, kama karatasi ya nailoni iliyopitishwa karibu na moto. Hakuhitaji kueleza zaidi, lakini alieleza. Ndani ya rejeta maji yanakaa kwa mgandamizo, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unaondoka mara moja, na maji yanachemka papo hapo na kuruka pamoja na mvuke, usoni kwako. Akasema tusubiri mpaka niweze kuushika ule mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu na kuendelea kuushika. Na tukianza kuongeza maji, tuongeze kidogo kidogo, maana maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kuipasua injini.

Tukasubiri karibu saa nzima. Ndipo aliponiuliza.

"Ulikuwa unaongeza maji?"

"Ndiyo, kila Jumamosi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Sasa dada, hayo maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Miezi ile yote nilikuwa najiona mtu mwangalifu. Kila Jumamosi nafungua boneti, nachukua dumu langu, namimina nusu lita, nafunga, moyo umetulia. Nilichunguza chini ya gari mara kadhaa, sakafu kavu, nikajiambia ni joto la Dar linayakausha. Ila mfumo wa maji ya injini umefungwa. Maji hayapungui hivi hivi. Yakipungua, kuna mlango yanakotokea, ndani au nje, na mimi kwa dumu langu nilikuwa naufunika mlango huo kila wiki usionekane.

Tulijikongoja mpaka Ilula, tukisimama mara mbili, lori likiwa nyuma yetu muda wote. Yule kijana alikataa hela. Alipokea vitunguu.

Fundi wa Ilula ni mtu mzima. "Shikamoo mzee," nikasema. Mama mdogo yeye akamwambia "Kamwene," na mara moja tukawa wageni wa nyumbani. Hakugusa spana kwa muda mrefu. Aliinama na tochi ya simu, akaniita nisogee, akanionyesha pampu ya maji. Chini yake kuna kitundu kidogo, hakizidi mdomo wa kalamu, na kutoka kwenye kitundu hicho kulikuwa na mchirizi mwembamba wa ukoko, mweupe pembeni na mwekundu wa kutu katikati. "Hiki kitundu wamekiweka kiwandani kwa makusudi," alisema. Sili ya ndani, kile kizuizi cha maji, ikianza kuchoka, maji yanapita hapo yaonekane, yasiingie kwenye beringi. Yalikuwa yanatoka injini ikiwa inanguruma na kukaukia palepale kwenye chuma cha moto. Ndiyo maana sakafu yangu ilikuwa kavu. Gari lilikuwa linaniambia, nami sikuwahi kuinama mpaka pale.

Maji aliyoyamwaga kutoka kwenye rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mimi ni miongoni mwa wale waliokuwa wakisema kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ni ya nchi za barafu. Kumbe pia inazuia kutu na inasogeza mbele kiwango cha kuchemka. Kisha akafungua nyumba ya thamostati, kile kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto, akaikuta tupu. Fundi mmoja wa Dar aliwahi kuitoa, akaniambia katika nchi ya joto haina kazi, nikamshukuru. Nilimsimulia mzee, akatikisa kichwa tu.

Thamostati mpya na pampu vilikuja na basi kutoka Iringa mjini kesho yake. Kabla ya kuifunga, mzee aliomba sufuria kwa mama ntilie wa jirani, akaining'iniza thamostati kwa waya ndani ya maji yaliyokuwa jikoni. Ina namba 82 imegongwa kwenye bati. Tukaitazama. Mapovu madogo yakaanza kushika ukuta wa sufuria, na ghafla kile kidude cha shaba kikaanza kujifungua, polepole mno, kama jicho la mtu anayeamka. Alipoitoa ikajifunga tena. Nina umri wa miaka 41, naendesha tangu nikiwa na 25, na sikuwahi kujua kwamba kitu hicho kiko ndani ya gari langu kikifanya hivyo kila siku.

Hedi, ile sehemu ya juu ya injini, ilinusurika. Nilikuwa naogopa zaidi hapo, kwa sababu kwenye Toyota Carina yangu bloku, yaani mwili wa injini, ni chuma na hedi ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka zaidi ikipata moto. Ndivyo hedi zinavyopinda na gasketi iliyo katikati yao kuungua. Mzee akachomoa stiki ya oili: safi, haijawa kama maziwa, yaani maji hayajaingia kwenye oili. Akawasha gari rejeta ikiwa wazi, tukatafuta mapovu, ambayo yangeonyesha kwamba moshi wa injini unavujia kwenye maji. Hayakuwepo.

Misa ya arobaini nilikuwa nimeshaikosa. Mama mdogo alikwenda na basi asubuhi ile, na mimi ndiye niliyetakiwa kusoma historia ya marehemu. Alisoma binamu yangu. Sijaacha kuliwaza hilo.

Nimechora mstari kwa rangi ya kucha kwenye tangi dogo la kulanti, pale mzee alipojazia. Leo ni Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu nimetoka nje kabla ya kuwasha injini, nimeinama na tochi kwenye kile kitundu chini ya pampu, kikavu, kisha nikafungua boneti yote na kuangalia. Kulanti imegusa mstari. Dumu nimeliacha ndani.