Mbuyu umefika kwenye matawi

Upepo wa Agosti bado haujakata hapa Dodoma, na mbuyu ninaoudarizi kwa mishono ya msalaba umefika kwenye matawi. Naandika usiku, watoto wamelala, maji yametoka na nasubiri simtanki lijae nifunge koki. Kitambaa nimeshakikunja nikakirudisha kwenye foronya yake, maana kwa vumbi la msimu huu ukiacha Aida nyeupe, kile kitambaa cha kudarizia chenye vimraba, mezani usiku kucha, asubuhi unaanza kwa kufua.

Wiki hii kazi imesogea vizuri, ingawa hakuna siku niliyokaa nayo saa nzima. Asubuhi, chai ikiwa jikoni na basi la kwenda kazini Mtumba halijapita, nakaa dirishani napata mistari miwili mitatu. Mwanga wa saa moja na nusu ni mzuri sana kwa macho, kuliko taa yoyote niliyo nayo. Jumapili nimeshona kwenye kikoba wakati marejesho yanasomwa, na hakuna aliyenikemea; mikono yangu wameshaizoea. Jioni nashona mtoto akifanya hesabu zake pembeni, yeye na penseli, mimi na sindano, na akikwama naweka sindano chini.

Watu huniambia wangependa kudarizi ila hawana muda. Mimi naamini kazi hii iliumbwa kwa ajili ya watu wasio na muda. Msalaba mmoja ni mishono miwili. Ukiitwa na mgeni katikati ya mstari, unachomeka sindano pembeni ya kitambaa na kazi inakusubiri pale pale. Kupika hakukusubiri hivyo.

Mkononi nina kazi tatu. Jina la mtoto wa mdogo wangu limebaki pindo tu. Vitambaa vya makochi vya mama vinakwenda taratibu. Yeye mwenyewe alifundishwa kudarizi shuleni kwenye sayansi kimu, kwa hiyo hukigeuza kitambaa na kuangalia nyuma kabla hajaangalia mbele. Hivyo vyote vitaisha. Ila moyo wangu uko kwenye mbuyu.

Michoro mingi inayouzwa ni ya nyumba zenye theluji juu ya paa, mawaridi, paka aliyekaa dirishani. Nimeshona kadhaa na nimezipenda. Lakini mti ninaoupita kila ninapokwenda Bahi kwa mama mkwe sijauona kwenye mchoro wowote. Basi nikachukua daftari la hesabu lenye vimraba, nikachora mwenyewe kwa penseli, kila kimraba msalaba mmoja. Umetoka vimraba 140 kwa 140, na kwenye Aida ya 14, yaani mashimo 14 kwa inchi, hiyo ni inchi 10 kila upande. Anga nimeliacha tupu. Kiangazi cha huku anga halina kitu, na weupe wa kitambaa unatosha.

Shida ilikuwa rangi ya gome. Ukiulizwa haraka utasema kijivu, lakini simama chini ya mbuyu saa kumi na moja jioni uuangalie vizuri: kuna zambarau ndani yake, na upande wa jua unakaribia waridi. Kijivu peke yake kilikuwa kinatoa ukuta wa saruji. Nilichofanya ni kuchanganya kwenye sindano. Uzi wa kudarizi umesokotwa kwa nyuzi sita zinazotenganishika, na kwenye Aida ya 14 mimi hutumia mbili. Nimechukua moja ya kijivu, namba 414 ya nyuzi za DMC, na moja ya zambarau iliyopauka, namba 3041, nikazipitisha pamoja. Msalaba mmoja zambarau inakaa juu, unaofuata kijivu ndicho kinachotokeza, na huwezi kupanga. Gome likaanza kuwa gome. Siku ile nilimwita mume wangu kutoka nje aje aone, akaacha redio akaja.

Nyuzi hizo nimeletewa na ndugu aliyesafiri, kwa hiyo natumia kwa adabu: urefu wa kutoka kwenye kidole hadi kwenye kiwiko, si zaidi, ukizidi hapo unachanika na kufunga mafundo. Na kila baada ya misalaba kadhaa naiachia sindano ining'inie ili uzi ujisokotoe wenyewe. Kwa vitambaa vya makochi nyuzi za Kariakoo zinafaa kabisa, ila nyekundu lazima uilowanishe kwanza juu ya kitambaa cheupe uone kama inachuja.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama mkwe auone. Nikamwamkia, akaitikia, akakishika kitambaa karibu na macho, kisha mbali, kimya muda mrefu.

"Mwanangu, huu mti haujawahi kulisha mtu."

"Kwa nini, mama?"

"Vigingi viko wapi? Watu wanapandaje kuchuma ubuyu? Na hapa chini hawajawahi kuuchuna kamba?"

Akanieleza, akionyesha kwa kidole chenyewe kwenye kitambaa, mahali gome linapochunwa kwa ajili ya kamba na jinsi linavyoota tena likiwa laini zaidi kuliko la zamani. Akataka na mzinga kwenye tawi la kushoto. Nimerudi kwenye daftari nikaviweka vyote: vigingi kwa kahawia iliyoiva, msalaba mmoja mmoja ukipanda kwa zigizaga, na lile eneo la kovu nimelishona kwa zambarau tupu bila kijivu, linang'aa kidogo. Sasa ni mbuyu wa Ugogo. Huo wa kwanza ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa wa mtu anayepita na gari.

Matawi nimeyaanzia kwenye treni. Nilikuwa na safari ya Dar, na tangu treni ya umeme ianze hapa mwaka 2024, safari imekuwa sehemu ya kushonea. Haitikisiki, meza ipo, dirisha kubwa. Kwenye basi nisingethubutu kushika sindano. Ukifika Kilosa tu kwenye mahandaki ndipo unatulia, giza likipita unaendelea. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza ule ni mzizi au tawi, kwa sababu nilikuwa nimegeuza kitambaa juu chini. Mbuyu mkavu ukiugeuza huwezi kujua, na nikafurahi sana kwamba ameuliza.

Kilichobaki ni matawi ya kulia, mzinga, na udongo. Udongo ndio unaonifikirisha. Wa kwetu hapa mjini unaelekea wekundu, wa Bahi kwenye mbuga ya mpunga ni mweusi unaopasuka, na mbuyu wangu uko katikati ya safari. Jumamosi jumuiya ikiisha mapema nitakwenda na kopo dogo, nichote kidogo pale pale chini ya mti, nilinganishe na nyuzi juani kabla sijakata hata moja.