Jina au kazi?

Tangu Jumanne swali la Mama halijanitoka. Nalala nalo, napanda nalo basi, na jana limenifanya nikakata kadi ya fremu upande.

Alikuja karakana ninakotia fremu picha kuniletea chakula, kama afanyavyo tangu afike London. Mezani ilikuwepo litografu, picha iliyochapwa kwa jiwe, ya mchoraji Mfaransa Matisse, ya 1925: mwanamke kaegemea kitini, kifua wazi, suruali ya milia. Mteja kaileta ibadilishwe fremu. Nilitaka kuifunika, lakini Mama alishavaa miwani.

"Huyu nani?"

"Odaliski."

"Ndilo jina lake, au kazi yake?"

Nikamweleza kuwa neno lina asili ya Kituruki, mtumishi wa vyumbani kwenye nyumba za wakubwa, na kwamba wachoraji wa Ufaransa walilipenda mno.

"Suria, basi," akasema. "Kama Bibi Mkuu." Akaanza kufungua bakuli la wali.

Bibi Mkuu ni mzee wa ukoo wetu, aliyeletwa Unguja akawa suria. Jina alilopewa alipofikishwa Unguja tunalo. Lile aliloitwa na mamake hakuna alijuaye. Na mimi mwaka wa nane huu natia fremu picha za wanawake walio uchi, nasoma vibandiko vyao, odaliski kalala, odaliski kaketi, wala sijawahi kuuliza alichouliza Mama kwa dakika moja. Hilo ndilo linaloniuma.



Alhamisi usiku nikakaa nikasoma. Mwanamke wa picha ile anaitwa Henriette Darricarrère. Alikuwa mcheza dansi, mpiga muziki, na mwenyewe alikuwa mchoraji. Kule Nice, Ufaransa, tangu 1920 hadi 1927, ndiye aliyekaa mbele ya Matisse kwa nyingi ya odaliski zile. Usuria ulikuwa mavazi ya studio tu. Saa za kazi zikiisha anavua suruali ya milia, anavaa nguo zake, anakwenda zake.

Ijumaa, kabla ya kuifunga picha ile, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Litografu huchorwa kwa kalamu ya mafuta, jiwe likaloweshwa maji, wino ukashika penye mafuta peke yake. Basi kivuli cha tumbo lake kimekaa punje punje, kama mchanga mkavu uliodondoshwa kwa ncha za vidole. Nilikitazama hadi macho yakaniwasha. Halafu nikachukua penseli, nikaandika jina lake lote kwenye kadi ya nyuma, kwa herufi kubwa.

Usiku nikamwambia Mama. Alilijaribu mara mbili, ulimi ukakataa. "Herieti," akasema mwishowe. "Jina zuri. Wazee wake wangali hai?"

Nilicheka kwa furaha, nikamkumbatia na unga wake mikononi.

Ali kapiga simu leo: kisima cha nyumbani kimeanza kutoa maji ya chumvi. Mama sijamwambia. Anarudi tarehe 14.