Mfuko wa kutapikia, na kadi ya anayemuuguza

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mjamzito anayetapika kutwa hupanda daladala hana cha kutapikia. Ile mifuko mbadala inavuja. Basi mimi nashona wa kwake, na ndani yake naweka kadi yenye maelezo ya ugonjwa wenyewe, yaani kutapika kwa mimba kuliko kupita kiasi (hyperemesis gravidarum).

Yadi moja ya kitenge inatoa mifuko 4: vipande vya sentimita 28 kwa 64, na masalio yanatosha vimfuko vya kadi. Bitana ni mpira wa meza, sentimita 60 kwa 60. Usiushone chini wala ubavuni, maana kila tundu la sindano ni njia ya maji. Mifuko yangu ya mwanzo ilivujia hapo yote. Siku hizi naukunja kama boksi, kitako 12 kwa 12 na kuta za 24. Pembe nazilaza kati ya mpira na kitenge, sindano inapita mdomoni tu. Kwenye pindo la mdomo naingiza vipande 2 vya ule mkanda mgumu wa plastiki unaofungia maboksi, kimoja mbele, kimoja nyuma. Hapo mfuko unakaa wazi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika bomba la daladala. Ukishatumika, mdomo unabanwa, unakunjwa mara 2, unafungwa kwa kamba. Kabla ya kuuza naujaza nusu lita ya maji na kuutundika saa nzima.

Harufu ndiyo iliyonirudishia mifuko mingi zaidi. Kwa mgonjwa huyu, harufu tu yatosha kumtapisha, na kitenge kipya kinanuka wanga na rangi, mpira ndio usiseme. Mpira nauanika upeponi wiki nzima. Kitenge nakifua mara 2 kwa sabuni ya mche isiyo na manukato. Chumba cha cherehani hakifukizwi udi.

Nje nimechapa HADEKI, ANAUMWA. Maneno hayo yanawalenga mama mkwe na mawifi, na abiria wa kiti cha jirani. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba homoni ya GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma, ina mkono mkubwa katika kutapika huku. Mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba huumia zaidi. Kudeka kunaingiaje hapo?

Kadi nayo haisemi na mjamzito. Aliye hoi hasomi, na wanunuzi wangu ni waume na dada. Ya kwanza niliandika "kichefuchefu", nikajibiwa kila mwenye mimba anacho. Sasa imeandikwa: mpeleke hospitali leo ikiwa hakuna kinachokaa tumboni kwa saa 24, hajakojoa kwa saa 8 au mkojo ni wa rangi ya chai, anaona kizunguzungu akisimama, au uzito umepungua asilimia 5, yaani kilo 3 kwa aliyekuwa na 60. Homa ikiwepo, apimwe malaria na mkojo. Si kila kutapika ni mimba. Kando ya kadi kuna pakiti 2 za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kijiko kimoja cha chakula kila dakika 5, kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Akigugumia kikombe kizima, kinarudi chote.

Majina ya dawa niliyaondoa kwenye kadi, kwa sababu watu walikwenda nayo duka la dawa badala ya hospitali.

Chini nimeacha mstari mtupu wa tarehe kutapika kulipoanza. Aliyetapika kwa wiki kadhaa huenda amepungukiwa vitamini B1, na dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya vitamini hiyo, ubongo unaweza kudhurika. Anayemuuguza anajaza tarehe, anamkabidhi muuguzi kadi kabla dripu haijatundikwa, na anauliza kuhusu B1 kwa sauti.