Samweli Alikuwa na wa Kumkimbilia

Somo: 1 Samweli 3:1-18

Wapendwa, amani ya Kristo iwe nanyi. Tunapoelekea Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, Juni 3, naomba wiki hii tukae na mtoto aliyelala hekaluni Shilo. Samweli hakulelewa kwao. Mama yake, Hana, alimpeleka akiwa mdogo, na kila mwaka alikwenda kumwona akiwa na kanzu ndogo aliyomshonea. Enyi mlio na wavulana bwenini, safari hiyo mnaijua: chakula kwenye hotipoti, na sweta mpya kwa sababu mtoto amerefuka ghafla.

Usiku, sauti ikamwita. Hakujua ni ya nani, akakimbia kwa Eli, kuhani mzee aliyemlea. Mzee akamwambia hakumwita, akalale. Akaja tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu Eli akatambua kwamba ni Mungu anayemwita mtoto, akamfundisha maneno machache tu ya kujibu: Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia. Mzee huyu macho yalikuwa yamefifia na nyumba yake ilikuwa na aibu, lakini alikuwa karibu, na aliamshwa mara tatu bila kumfukuza mtoto.

Shule zetu za wavulana hapa Uganda zinapenda sana kualika wageni wazungumze na vijana: padri au mchungaji, daktari, afisa wa polisi, mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa. Ukumbi hujaa, wa S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari, mbele, wa S.6, mwaka wa mwisho, nyuma kabisa karibu na madirisha. Mgeni husema juu ya wasichana, pombe, bangi, wizi wa mitihani, na siku hizi kubeti, ambako sheria yetu inakataza kwa yeyote aliye chini ya miaka 25, ilhali wavulana wengi wanajua mechi za Jumamosi kuliko masomo ya Jumatatu.

Nawaheshimu wageni hawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mtu wa nje huweza kulitaja waziwazi jambo ambalo mwalimu amelizunguka mwaka mzima. Nimewaona wavulana wakaidi wakinyamaza kabisa mgeni anapogusa penyewe. Lakini jioni gari lake linatoka getini, na alichokiamsha kinabaki. Kitamrudia kijana usiku taa zikishazimwa, akiwa na swali alilolionea haya mbele ya wenzake. Mara nyingi atamuuliza wa kitanda cha jirani, ambaye naye hajui. Ndiyo maana nasema shule inayoandaa mgeni, kipaza sauti na soda, bila kuandaa mtu wa kuamshwa usiku, haijamaliza kazi.

Mashahidi wetu wanalionyesha hili kuliko niwezavyo kueleza. Wakuu wa Buganda walikuwa wakipeleka wavulana wao kwa Kabaka, mfalme wao, wakatumike na kulelewa huko. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wao, alipouawa Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kuamuru kuuawa kwa Askofu Hannington, Karoli Lwanga ndiye aliyebaki na wavulana wale. Mwenyewe alikuwa bado kijana. Aliishi nao, akawafundisha dini, akawakinga na matakwa ya Kabaka juu ya miili yao. Usiku wa kuamkia hukumu, huko Munyonyo, Mei 1886, aliwabatiza wale waliokuwa hawajabatizwa, akiwemo Kizito wa miaka kama 14. Kizito alikuwa amesikia mafundisho mengi kabla ya usiku ule. Alipoyahitaji kufa na kupona, aliyemfundisha alikuwa chumbani pamoja naye, na wote wawili wakachomwa moto Namugongo.

Turudi Shilo, maana asubuhi ndiyo ngumu zaidi. Eli anamwita Samweli na kumwambia asimfiche neno lolote. Mtoto anaogopa, kwa kuwa neno lenyewe ni hukumu juu ya nyumba ya Eli, ambaye wanawe walifanya maovu naye hakuwazuia. Wazazi wenzangu, tusipite hapa haraka. Mvulana akifunguka macho, watu wa kwanza anaowaona ni sisi. Ameambiwa wizi wa mitihani ni dhambi, na anamjua mzazi aliyetoa pesa apate karatasi iliyovuja. Ameambiwa awaheshimu wanawake, na anakumbuka namna mama yake anavyosemeshwa nyumbani. Akithubutu kulisema, je, tutamwambia amekosa adabu? Eli alilisikiliza lote, akakiri kwamba ni Bwana, wala hakumgombeza mtoto.

Kwa hiyo wiki hii naomba tuwaombee kwa majina, kila mmoja wale anaowafahamu, walimu wanaolala shuleni, mapatroni na mametroni wa mabweni, na makapelini ambao milango yao hugongwa usiku. Mshahara wao wengi ni mdogo na usingizi wao ni wa vipande. Na siku ya kutembelea ijayo, ukishampa kijana hotipoti yake, muulize mgeni wa mwisho alisema nini, na yeye mwenyewe alibaki na swali gani. Kisha nyamaza umsikilize, hata kama jibu linakuhusu wewe.