Neimseva zilivyotukatia barua za gesti, na nilivyozirudisha

Nnaandika hili kwa sababu bado lanikera. Dada yangu ana gesti Jambiani, vyumba sita, wageni wengi wanabuku kwa imeili, na mwezi wa saba ndo msimu wenyewe. Tukahamisha tovuti, hosti ya zamani, yaani kampuni inayoiweka tovuti, ilikuwa nzito mno, hii mpya tumelipa kama laki na kitu kwa mwaka. Fundi mmoja akanambia yakhe badilisha neimseva tu, zile kompyuta zinazoulizwa jina la tovuti yako liko wapi, weka hizi mbili za hosti mpya, subiri masaa 24, khalas.

Nikaweka. Kweli tovuti ikafunguka, nyepesi, dada kafurahi. Siku ya kwanza hamna barua, tukasema labda leo kumepoa. Siku ya pili hamna. Mpaka Mtaliana mmoja aliyewahi kulala kwetu akapiga simu, anasema kila akiandika barua inamrudia. Moyo ukanipasuka paa! Msimu ule!

Fundi naye bado anasema subiri. Nisubiri nini? Usiku ule nikakaa kusoma mpaka adhana ya alfajiri ndo nikafahamu: neimseva ni kama sheha. Mgeni akija anatafuta nyumba ya fulani, sheha ndo anaulizwa, na sheha anatazama daftari lake. Sasa ukibadilisha neimseva umebadilisha sheha, na huyu mpya kaja na daftari lake mwenyewe. Daftari letu la zamani, kule tuliponunua domeni, yaani jina la tovuti, lilikuwa na rekodi ya A inayosema tovuti iko wapi, na rekodi za MX zinazosema barua ziende wapi, na barua zetu ziko kampuni nyengine kabisa. Sheha mpya hana habari hiyo, barua zote anazielekeza hosti mpya, ambako hatuna hata sanduku moja.

Kumbe hatukuwa na haja ya kugusa neimseva! Ikihama tovuti peke yake, unabadilisha rekodi ya A basi. Neimseva ni pale unapotaka daftari zima lishikwe na mwengine, na hapo unanakili kila rekodi mwanzo, MX na TXT (zile za maandishi, kama za kuthibitisha barua ni zako) zote. Nikarudisha zile za zamani, alhamdulillahi rekodi zilikuwa hazijafutwa, nikabadilisha A.

Na hili nnalipenda mpaka leo: huna haja ya kungoja ndo ujue. Fungua ile skrini nyeusi ya kompyuta, andika nslookup -type=mx, kisha domeni yako, kisha jina la ile neimseva mpya. Hapo unamuuliza sheha mwenyewe uso kwa uso, hata kazi hujamkabidhi. Akikujibu kombo usihame, maana kwa domeni za .com majibu ya neimseva yanaweza kukaa kwenye kumbukumbu za watu mpaka sekunde 172800, siku mbili nzima, na hizo wewe huwezi kuzipunguza. Muda wa rekodi ya A unaweza, mie nauweka sekunde 300 siku moja kabla ya kuhama.

Sie kurudi sawa ilituchukua siku moja na nusu hivi, simu yangu kwa bando ishaona sawa, waifai ya gesti bado. Barua ya mwanzo kuingia ilikuwa ya yule yule Mtaliana, vyumba viwili, siku tano.