Kutoka Barabara ya Likasi hadi Msitu wa Soignes

Sisi tuliokulia Bukavu majira tunayajua kwa miguu: ama tope, ama vumbi. Mvua inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kisha inafuata miezi mitatu ya kiangazi, ukungu unaificha milima ya upande wa Rwanda na vumbi la Kadutu linaingia hadi kwenye sufuria. Mkulima wa Walungu anapanda maharage ya msimu A, anavuna, anapanda tena ya msimu B. Lakini msitu wenyewe hautoi dalili. Kahuzi-Biega ukiitazama Januari au Julai, ni kijani kilekile. Ndiyo maana mwalimu wetu wa shule ya msingi alipotufundisha majira manne ya Ulaya, likiwemo lile la majani kugeuka rangi na kupukutika, tuliyakariri kwa ajili ya mtihani tu.

Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, nafundisha biolojia Lubumbashi. Ilitokea kwamba Septemba nilikwenda Likasi kumwona shangazi, na Oktoba nikaenda Brussels kwa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa. Kama safari hizo mbili zisingefuatana, nadhani nisingeona nilichokiona.

Kwa mtu wa Kivu, Lubumbashi ni nchi nyingine. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama haipo. Juni na Julai usiku una baridi ya kuuma, watu wanavaa makoti mazito, na mama wauzaji wanakaa sokoni na mbabula, jiko la makaa, miguuni. Agosti miti ya porini inabaki matawi matupu, ardhi chini yake imeungua, nyeusi. Halafu joto linapanda ghafla. Mjini mijakaranda inachanua na barabara nzima zinageuka zambarau, na kila mtu anaizungumzia mijakaranda, anapiga picha chini yake. Mijakaranda ni mizuri, sikatai. Ila ni wageni walioletwa kutoka Amerika ya Kusini. Sherehe ya wenyeji iko nje ya mji, na wanaokwenda kuitazama ni wachache mno.

Barabara ya Likasi ni kama kilomita 120. Tulikuwa tumebanana kwenye taksi, vioo vimeshushwa, tunapishana na malori ya migodini na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala, ndiyo makaa ya kupikia, marefu kuliko wao. Karibu na mji hakuna msitu, kuna majani makavu na vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba. Ukisonga mbele miti inaanza kurudi. Na miti ile ilikuwa imevaa majani mekundu. Hapa wekundu wa shaba, pale waridi, kule kahawia yenye kung'aa, mlima mzima, na mvua ilikuwa bado haijanyesha hata tone.

Nilimwomba dereva asimame. "Mama mwalimu, unatafuta nini humu?" akaniuliza, lakini alisimama, kwa sababu na yeye alitaka kununua makala ya nyumbani. Muuzaji alikuwa mzee mmoja mwenye shoka begani. Wakati wao wanapatana bei, mimi niliinama penye kisiki kilichokatwa usawa wa goti. Pembeni mwake zilikuwa zimetoka chipukizi kukizunguka chote. Majani yake machanga yalikuwa yananing'inia, hayajapata nguvu ya kusimama, rangi ya damu ya mzee ukingoni na waridi katikati, na nilipoyainua kuelekea jua niliona kila mshipa. Juu ya kisiki hichohicho mikato ya shoka ilikuwa bado mieupe.

"Hiyo ni muputu, mama," mzee akaniambia. "Ukiikata, inarudia. Ule kule ni mutondo, nao unarudia. Lakini moto ikipita sasa, hii midogo yote inakufa."

"Papa, na moto wa mwezi wa tano?"

"Ule ni mzuri. Majani ya chini ingali mabichi, moto inapita polepole, miti haisikie kitu. Huu wa sasa ndio mbaya."

Vitabuni nimesoma maneno hayohayo. Moto wa mwanzo wa kiangazi msitu wa miombo, huu wetu wa miti kama muputu na mutondo, unauvumilia. Moto wa Septemba na Oktoba unakuta nyasi zimekauka kabisa na chipukizi ndiyo kwanza zinafunguka, na hapo unaua. Mzee yule hakuhitaji kitabu, na bado kazi yake ni kukata. Sikumlaumu. Mimi pia napikia makala, na jirani zangu wote wanapikia makala, na umeme ukikatika, mji mzima unamtegemea yeye.

Nilichotaka kukielewa ni hii rangi. Mti wa miombo hautoi majani kwa kuitikia mvua. Unayatoa kabla, joto linapoanza kupanda, kwa maji yaliyobaki ndani ya shina na yale yanayovutwa na mizizi mirefu kutoka chini sana. Kwa hiyo jani linazaliwa katika wiki kali kuliko zote za mwaka, jua kali, hewa kavu, wadudu wenye njaa. Wekundu ni rangi iitwayo anthosianini, na wataalamu wengi wanaona kazi yake ni kulikinga jani changa mpaka litakapokomaa. Baadaye kijani cha klorofili kinajaa, wekundu unafifia, na ifikapo mvua jani liko tayari kwa kazi. Wekundu upo kwa majuma machache tu. Ukichelewa, umekosa.

Wiki kadhaa baadaye nikapanda ndege kwenda kwa yaya, kupitia Addis Ababa. Mvua zao kubwa zilikuwa zimekwisha mwezi uliopita, na kutoka angani nyanda zilikuwa za kijani na njano, wakati sisi tumeacha nyuma nchi iliyochomeka. Bara moja, mwezi mmoja, na kila mahali miti na mimea inasoma saa yake.

Yaya anaishi Ixelles, karibu na Matonge, mahali ambapo unaweza kununua sombe (kisamvu) na samaki wa kukauka na kusikia Kiswahili na Kilingala kwenye mtaa mmoja. Kilichonishtua mwanzoni hakikuwa baridi. Lilikuwa giza. Saa mbili kamili asubuhi jua lilikuwa bado halijachomoza. Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakarudisha saa nyuma, na kuanzia siku hiyo ikifika saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshazama. Watoto wa yaya walinicheka nilipouliza kama kuna tatizo. Ni jambo linalopaswa kufundishwa vizuri zaidi kwetu: Bukavu, iliyo karibu na ikweta, siku ndefu na siku fupi ya mwaka hazitofautiani hata nusu saa. Lubumbashi tofauti ni saa moja na dakika kadhaa. Brussels ni zaidi ya saa nane. Mti wa kule unahesabu mwanga. Mwanga ukipungua na baridi ikiingia, unajua kwamba jani litakuwa mzigo, kwa maana ardhi ikiganda maji hayapandi. Basi unarudisha ndani chakula chote unachoweza kukinyonya kutoka kwenye jani, unalifungia mlango kwenye kikonyo, na unaliacha lianguke.

Tulichukua tramu namba 44, inayokwenda Tervuren ikipita katikati ya msitu wa Soignes. Nawaambia ukweli, nililia kidogo. Miti ya hetre, mirefu, mashina laini ya kijivu yaliyonyooka, na juu yake njano, dhahabu, shaba, na chini zulia la rangi zilezile. Sehemu za msitu huo ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2017, na siku hiyo ya mapumziko watu walikuwa wamejaa: wazee na fimbo zao, wazazi na vigari vya watoto, wanafunzi. Hawakuja kuwinda wala kukata kuni. Walikuja kutazama majani, na kila mwaka wanakuja.

Mtoto wa mwisho wa yaya, mwenye miaka saba, alikuwa na kazi ya shule: aokote majani ya aina tano, ayakaushe ndani ya kitabu, aandike majina. "Mama mudogo, hili bado lina kijani, litafaa?" Nikamwambia hilo ndilo bora kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kazi ikiendelea. Kijani kilikuwa kimebaki kando ya mishipa tu, kwingine kote klorofili imevunjwa, na njano iliyokuwemo humo tangu jani lilipofunguka ndiyo sasa imepata nafasi ya kuonekana. Nikamwonyesha pia tawi ambalo jani lake lilikuwa limechomoka mkononi mwa mtoto. Palipokuwa na kikonyo pana kovu dogo, na juu ya kovu kuna kichipukizi chembamba, kirefu, chenye ncha, cha kahawia. Jani la mwaka kesho. Lilikuwa limeshafungwa humo kabla hili la mwaka huu halijaanguka.

Hapo ndipo barabara ya Likasi ilinirudia kichwani kwa nguvu. Rangi ni zilezile, mwezi karibu uleule. Kule Soignes shaba ni jani linaloaga, kwetu shaba ni jani linaloingia. Na sisi tunaoishi nayo tunawafundisha watoto wetu lile la Soignes tu.

Tervuren yaya alinipeleka mahali pengine kabla ya jumba la makumbusho. Pembeni ya kanisa la Mtakatifu Yohana kuna makaburi saba yaliyopangwa kando ya ukuta. Mwaka 1897 mfalme Leopold II alifanya maonyesho Tervuren na Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa kwa watu katika vijiji vya kuigiza. Majira ya joto ya mwaka huo yalikuwa ya baridi na mvua. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Ilikuwa siku chache kabla ya tarehe 1 Novemba, na makaburi ya watu wote yalikuwa yameanza kujaa maua ya krisanthemu kama desturi yao ya kuwakumbuka marehemu. Juu ya yale saba majani makavu yalikuwa mengi. Yaya alianza kuyaondoa kwa mkono, jani moja moja, nami nikamsaidia. Wale hawakufa katika majira ya baridi. Walikufa katika majira ambayo wenyeji wanayaita ya joto. Mimi, mwenye koti zito, soksi mbili na nyumba ya yaya yenye moto, nilikuwa natetemeka, nikafikiria miili yao iliyokuwa imezoea hewa ya mto Kongo. Hasira niliyokuwa nayo pale sijaimaliza.

Ndani ya jumba hilohilo la Tervuren wanahifadhi makumi ya maelfu ya vipande vya mbao, vingi kutoka Afrika ya Kati, ili watafiti wapate kuvichunguza. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja. Miti yetu inajulikana Tervuren kuliko inavyojulikana madarasani Kenya au Katuba, kata za mji wangu.

Nilirudi Lubumbashi katikati ya Novemba. Mvua zilikuwa zimeshaanza, zile za mchana zinazopiga bati mpaka mwalimu ananyamaza katikati ya somo. Nilitafuta nafasi nikaenda tena nje ya mji. Hakukuwa na wekundu hata mmoja. Msitu ulikuwa kijani tupu, na mtu asiyejua angeapa kwamba haukuwahi kuwa na rangi nyingine. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa na masuku, matunda ya msuku, kwenye beseni, nikanunua, nikamuuliza kuhusu bowa, yaani uyoga. "Bado, mama. Ngoja mvua ishike vizuri. Mwezi wa kumi na mbili utakuta bowa kubwa kama mwavuli, itoke kwenye kichuguu." Na baada ya bowa akanitajia viwavi vya mutondo, na baada ya viwavi asali. Kalenda yake yote ilikuwa inategemea miti ambayo mumewe, aliniambia mwenyewe, anaichoma makala.

Nimeshamwandikia mkuu wa shule. Naomba basi moja, wiki ya mwisho ya Septemba, wanafunzi wa darasa langu, kitabu cha kukaushia majani kwa kila mmoja. Tutakusanya mutondo, muputu na msuku, tutarudi hapohapo baada ya wiki mbili na baada ya wiki nne, tupange majani mfululizo kutoka wekundu hadi kijani. Nimeomba pia tumwalike mzee wa makala awaeleze watoto ule moto wa Mei na ule wa Septemba, na alipwe kama mgeni yeyote anayekuja kufundisha. Mkuu ameuliza mafuta ya basi atatoa nani. Wazazi wawili wameshasema watachangia, na dereva wa taksi amesema viti vinne vya kwake ni bure, mradi tusichelewe kurudi.